Kumuuguza Samaki Aliyeng'atwa na Wenzake Tangini

Kidonda cha samaki hakifanyi kigaga. Mtu akijikata kidole, damu huganda na kukauka, na chini ya kile kifuniko kigumu mwili huendelea na kazi yake bila kuguswa na kitu. Samaki anaishi majini, na majini hakuna kinachokauka. Akinyofolewa magamba matatu ubavuni na jirani yake wa tangi moja, mahali pale hubaki wazi, pakioshwa usiku na mchana na maji yale yale anayoyapumua na anamojisaidia, ambamo pia wamo vijidudu wote wa tangi. Ukilishika hilo, mambo mengi ya uuguzi wa samaki yanayoonekana kama mafumbo hufunguka. Utaona kwa nini wafugaji wazoefu hubadilisha maji kabla ya kufikiria dawa, kwa nini chumvi husaidia, na kwa nini samaki mwenye mkia uliochanika vibaya anaweza kupona ilhali mwenzake aliyepungukiwa magamba machache anakufa siku ya tatu.

Wengi hudhani magamba yamewekwa juu ya ngozi kuikinga, kama vigae vya paa. Sivyo. Magamba huota kutoka tabaka la ndani la ngozi. Juu yake kuna utando mwembamba wa seli hai, na juu ya seli hizo kuna ute. Sisi binadamu tumefunikwa na seli ngumu zilizokwisha kufa, lakini samaki yu hai mpaka ukingo wa mwisho wa mwili wake. Gamba likinyofoka, basi, limepasua ngozi hai. Na ule utelezi unaomfanya akuponyoke mkononi una kingamwili pamoja na vimeng'enya vinavyoharibu kuta za bakteria. Mwili huutengeneza upya wakati wote, na ule wa zamani huondoka na vijidudu vilivyonasa ndani yake. Samaki aliyesuguliwa na wavu mkavu au mkono mkavu amepoteza sehemu ya kinga hiyo hata kama hakuna gamba lililotoka.

Kuna jambo la pili lisiloonekana, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloua zaidi. Damu ya samaki wa maji matamu ina chumvi kama gramu 9 kwa kila lita, ilhali maji ya tangi lake mara nyingi hayafikishi hata gramu 1. Kwa kanuni ya osmosisi, maji huvutwa kuingia mwilini, nayo chumvi huelekea kutoka. Samaki mzima hulimudu hilo: figo zake hutoa mkojo mwingi na mwepesi, na seli maalumu kwenye matamvua (mashavu, kama wengine wanavyoyaita) huokota chumvi kidogo iliyomo majini na kuirudisha kwenye damu. Kazi hiyo hula nguvu. Sasa mtoboe ngozi, kisha mfukuze tangi zima kwa siku mbili. Maji huingia kupitia kidonda, chumvi hutoka humo humo, na hofu yenyewe huzidisha hasara, kwa sababu samaki aliyetishika damu humiminika kwa wingi kwenye matamvua, na matamvua nayo huanza kuvujisha chumvi. Wakati huo huo homoni ya kortisoli, ikikaa juu muda mrefu, hudhoofisha kinga ya mwili. Yule aliyekufa siku ya tatu kwa magamba machache hakuuawa na magamba. Alichoka.

Kwa samaki wa baharini mambo ni kinyume: maji yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, zaidi ya damu yake, hivyo kidonda humkausha. Kumwongezea chumvi ni kumwongezea tatizo. Sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa inawahusu wa maji matamu, ingawa habari za utulivu na usafi wa maji ni za wote.

Nani atolewe, aliyeng'atwa au aliyeng'ata?

Mkono huenda wenyewe kwa majeruhi. Tunamwona anahema kwenye kona, mapezi ameyabana mwilini, na tunataka kumtoa mara moja. Mara nyingi lakini anayepaswa kutolewa ni yule mwingine. Majeruhi anayeogelea vizuri, aliyechanika mapezi tu, yuko kwenye maji anayoyajua na chujio lililokomaa. Kumkamata kunamwongezea msukosuko, na tangi la uuguzi lililoandaliwa haraka lina hatari zake. Mshambuliaji ana nguvu za kutosha kuvumilia kuhamishwa. Zaidi ya hapo, katika matangi ya siklidi na samaki wengine wenye ngazi za ubabe, ukimtoa mnyonge, ubabe hauishi. Hushuka kwa anayefuata. Baada ya wiki unakuwa na wagonjwa wawili.

Mtoe majeruhi ikiwa kidonda ni kirefu, ikiwa amelala ubavu au hawezi kushindana na mkondo wa chujio, ikiwa wanaomshambulia ni kundi, au ikiwa hujui nani alifanya. Wala usimfukuze kwa wavu. Nyuzi za wavu humsugua ute, hunasa kwenye mapezi yaliyochanika, na kwa kambare miiba ya mapezi hujikita humo hata kumtoa ikawa kumrarua. Zima taa, punguza maji hadi nusu kama lazima, zamisha bakuli au mtungi mdogo wa plastiki, kisha mwelekeze taratibu aingie mwenyewe. Mhamishe akiwa ndani ya maji, asiguse hewa wala kiganja.

Waliobaki nao wasisahauliwe. Mwaka 1938 mwanasayansi Karl von Frisch, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza jambo aliloliona kwa samaki wadogo wa mtoni: mmoja akijeruhiwa ngozi, wenzake hukimbia na kujificha. Ngozi iliyochanika hutoa kemikali ya kuwatahadharisha. Tetra, danio, samaki wa dhahabu na kambare wengi wako kwenye kundi kubwa la samaki wenye tabia hiyo. Mtoni, harufu ya hatari huchukuliwa na maji, na samaki wana pa kukimbilia. Tangini harufu inabaki na kioo kiko pande zote. Ndiyo maana baada ya shambulio tangi zima huweza kuwa na wasiwasi, samaki wakakaa chini bila kula. Badilisha theluthi ya maji siku hiyo hiyo, hata kama majeruhi amekwisha kuondolewa.

Tangi la uuguzi

Lita 20 zinatosha kwa samaki mdogo; mkubwa apewe zaidi. Sakafu iwe tupu ili uone kinyesi na mabaki ya chakula. Weka kipande cha bomba la plastiki au chungu kilicholazwa ubavu ili apate pa kujificha, funika pande tatu za kioo kwa karatasi, na taa isiwake. Samaki asiyejificha hapumziki, na asiyepumzika haponi. Hewa ipulizwe kwa jiwe la hewa au chujio la sponji, kwa mkondo mpole.

Hatari ya tangi hili ni amonia. Samaki huitoa amonia hasa kupitia matamvua, kila saa, hata asipokula. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria kwenye chujio na changarawe wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Tangi jipya halina bakteria hao, na amonia inachoma ngozi na matamvua yale yale tunayotaka yapone. Nimeona samaki wengi waliotolewa kwa wababe wakaishia kuungua kwa amonia yao wenyewe kwenye ndoo iliyoonekana safi. Ukiweza, hamisha kipande cha sponji kutoka chujio la tangi kubwa. Kinakuja na bakteria wake. Usipoweza, badilisha robo hadi nusu ya maji kila siku bila kukosa.

Mtu anayepima amonia ajue pia kwamba namba peke yake haitoshi. Majini amonia ina maumbo mawili, na moja ndilo lenye sumu kali. Katika joto la nyuzi 25, maji yakiwa na pH (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji) ya 7, umbo hilo huwa chini ya asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8 hufika kama asilimia 5. Ikiwa 9 hupita theluthi. Kipimo kile kile ambacho kwa tangi moja ni onyo, kwa jingine ni dharura.

Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani na yasiwe na klorini. Klorini ya kawaida huondoka maji yakikaa wazi yakipulizwa hewa kwa siku nzima. Kloramini, ambayo mitambo mingi ya maji huitumia sasa, haiondoki hivyo. Inahitaji dawa maalumu ya kuondoa klorini inayosema wazi kwamba inaimudu.

Kuhusu joto, ushauri wa kulipandisha ili kidonda kipone haraka una ukweli nusu. Seli za samaki hufanya kazi kasi zaidi kwenye joto, ni kweli, lakini bakteria nao hivyo hivyo, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba kama miligramu 9, kwenye nyuzi 30 kama miligramu 7.5. Mgonjwa anayehema kwa shida hahitaji punguzo hilo. Mimi huliacha joto pale alipolizoea, na kuhakikisha tu kwamba haliyumbi mchana na usiku.

Chumvi, kwa hesabu

Sasa tunaweza kuelewa chumvi inafanya nini. Haiponyi kidonda. Inapunguza tofauti kati ya damu na maji, hivyo chumvi inayovuja ni kidogo na figo zinapumua. Gramu 1 hadi 3 kwa lita zinatosha kwa samaki wengi wa maji matamu, na zinaweza kukaa kwa wiki moja au mbili. Pima kwa mizani, maana kijiko cha chumvi laini na kijiko cha chumvi ya mawe havibebi uzito mmoja. Tumia chumvi isiyochanganywa na kitu, iyeyushe kwanza kwenye maji ya tangi, na uimimine kwa awamu tatu au nne ndani ya saa kadhaa.

Kosa hutokea siku ya pili. Tangi la lita 20 lenye gramu 2 kwa lita limepata gramu 40. Ukitoa lita 5 umetoa gramu 10, na hizo 10 ndizo za kurudisha. Wengi huweka tena 40, na kufikia siku ya nne samaki yuko kwenye maji mengine kabisa. Kumbuka pia kwamba maji yanapopungua kwa mvuke chumvi haiendi nayo. Mahali pa mvuke jaza maji matupu. Mimea ya majini huathirika na chumvi, na baadhi ya kambare wadogo na samaki wasio na magamba huivumilia kwa shida, kwa hiyo kwao anza na gramu 1 au uiache.

Kukitazama kidonda kila siku

Nilikuwa na gurami mmoja wa rangi ya buluu, samaki ambaye hupanda juu kumeza hewa, aliyekutana na siklidi wawili wenye milia waliokuwa wanalinda mayai. Kwa usiku mmoja walimvua magamba ya ubavu wa kushoto, eneo la ukubwa wa kucha ya dole gumba, na kumpasua mkia. Nilimtenga, maji yakawa safi, chumvi ikakaa sawa. Siku ya tatu nikaona utando wa kijivu juu ya kidonda. Nikasema huu ni ukungu. Nikamtoa majini, nikausugua kwa pamba iliyochovywa kwenye dawa, na chini yake pakatoka damu mbichi.

Ule haukuwa ukungu. Ilikuwa ngozi yake mpya.

Katika kuziba kidonda samaki hutuzidi kwa kasi. Ndani ya saa chache tangu kujeruhiwa, seli za ukingoni mwa kidonda huanza kuteleza kuelekea katikati. Hazisubiri kwanza kugawanyika na kuongezeka. Zilizopo ndizo zinazojinyoosha na kusogea kuziba pengo, na ute mzito humiminika juu yake. Kwa kidonda kidogo kazi hiyo huweza kukamilika ndani ya siku moja au mbili. Ngozi hiyo ya kwanza ni nyembamba, haina rangi wala magamba, na kwa macho ya mwenye wasiwasi inaonekana kama ugonjwa. Lakini ndiyo iliyoziba lile tundu la chumvi. Nilipoisugua nililifungua upya, na gurami wangu akaanza tena siku ya kwanza akiwa na nguvu kidogo kuliko mwanzo. Alipona, ila ilichukua wiki tano, na nina hakika mbili kati ya hizo zilikuwa za pamba ile.

Namna ya kutofautisha ni hii. Ngozi mpya imelala bapa, imeshikana na kidonda, na ukingo wake hausambai kwenda kwenye mwili mzima. Ukungu wenyewe, ambao mara nyingi ni wa jenasi Saprolegnia, una nyuzi: hujitokeza nje kama pamba iliyochambuliwa na hupepea samaki anaposogea. Huota kwanza kwenye nyama iliyokufa. Kisha kuna cha tatu, cha hatari zaidi, kinachofanana na ukungu lakini ni bakteria, Flavobacterium columnare. Hicho ni bapa au chenye vinyweleo vifupi sana, rangi ya kijivu au manjano hafifu, mara nyingi kina ukingo mwekundu, hupenda mdomo, mgongo na matamvua, na husambaa waziwazi kati ya asubuhi na jioni. Kikiwa kwenye maji ya joto huweza kumuua samaki kwa siku moja au mbili. Hapa kusubiri si busara.

Piga picha kila siku, saa ile ile, upande ule ule. Kumbukumbu hudanganya, hasa ya mtu anayempenda mgonjwa wake. Kidonda kinachopungua, hata kwa kiasi cha unywele, kiache. Wekundu unaotambaa kufuata mishipa ya mapezi, ukingo unaooza, tumbo linalovimba hadi magamba yakasimama, hizo ni dalili kwamba bakteria wameingia, na wakati huo antibayotiki ina maana. Apatikanaye daktari wa mifugo anayewajua samaki aulizwe yeye kuhusu aina na kipimo. Kumwaga antibayotiki siku ya kwanza "kwa tahadhari" sikubaliani nako: huweza kuwaua bakteria wa chujio, amonia ikapanda, na hufuga vijidudu sugu. Methilini buluu husaidia dhidi ya ukungu, lakini nayo inawadhuru bakteria wa chujio, kwa hiyo ikae kwenye tangi la uuguzi peke yake.

Majani makavu ya mkungu yamependwa kwa miaka mingi na wafugaji wa samaki aina ya beta. Hutia maji rangi ya chai, huyashusha pH kidogo, na tanini zake zina nguvu ndogo ya kuzuia vijidudu. Nayatumia, hasa kwa sababu maji yenye kivuli humtuliza samaki. Siyahesabu kuwa dawa ya maambukizi yaliyokwisha kuingia.

Chakula, siku ya kwanza hapana. Samaki mzima hukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike, na chakula kisicholiwa kinageuka amonia. Kuanzia siku ya pili au ya tatu mpe kidogo sana, mara mbili kwa siku, na uondoe mabaki baada ya dakika chache. Chenye protini ndicho kizuri, na kiwe kipya. Samaki wengi wenye mifupa hawawezi kujitengenezea vitamini C, ambayo mwili unaihitaji kujenga kolajeni ya ngozi, na vitamini hiyo hupotea taratibu kwenye kopo lililofunguliwa miezi mingi.

Kinachorudi na kisichorudi

Mapezi hurudi. Mfaransa Broussonet aliliandika hilo mwaka 1786 baada ya kukata mapezi ya samaki na kuyaona yakiota. Siku hizi samaki mdogo danio pundamilia hutumiwa maabara nyingi kuchunguza jambo hilo hilo, kwa sababu kwenye maji ya nyuzi 28 mkia wake uliokatwa hukua upya kwa wiki mbili hivi. Ukingo mpya huwa mwangavu kama kioo, rangi hufuata baadaye, na wakati mwingine haifanani na ya zamani. Sharti ni kwamba shina libaki. Pezi lililong'olewa pamoja na nyama na mifupa inayolishikilia kwa kawaida halioti, au huota likiwa limepinda.

Magamba nayo huota upya, yakiwa na mpangilio usio nadhifu kama wa kwanza. Samaki wa dhahabu huweza kupata madoa meusi kwenye kidonda kinachopona, jambo linalowatisha wenye nao. Ni rangi tu inayokusanyika pale ngozi inapojijenga, na mara nyingi hufifia.

Jicho lililofunikwa na utando mweupe baada ya kugongwa huweza kusafika kwa wiki chache. Jicho lililotolewa halirudi, lakini samaki mwenye jicho moja huishi vizuri. Ana mstari wa neva ubavuni unaohisi mitikisiko ya maji, na hujifunza upesi upande wa kula. Mdomo ndio unaonitia hofu. Siklidi wakishikana taya na kuvutana, taya huweza kuteguka au midomo kuchanika, na samaki asiyeweza kufunga mdomo hapati chakula, wala hapitishi maji vizuri kwenye matamvua.

Wako pia wasiopona. Samaki aliyelala ubavu siku kadhaa, asiyekula, ambaye nyama yake inaoza licha ya matibabu, anastahili kusaidiwa aondoke bila maumivu. Njia iliyo mikononi mwa watu wengi ni mafuta ya karafuu. Yatikise kwenye chupa ndogo yenye maji ya tangi ya uvuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa. Mimina kidogo kidogo kwenye chombo chenye samaki mpaka alale usingizi na asishtuke akiguswa, kisha ongeza hadi ifike angalau nusu mililita kwa kila lita ya maji. Mwache humo dakika 30 baada ya matamvua kuacha kabisa kupepea. Kumwacha ahangaike nje ya maji, kumtumbukiza chooni akiwa hai au kumweka kwenye barafu akiwa na fahamu zake ni kumtesa.

Kabla ya kumrudisha

Aliyepona akirudishwa kwenye mazingira yale yale atang'atwa tena, na kidonda kimekwisha kukuambia mengi kuhusu nani na kwa nini. Mapezi yaliyokatwa vipande vya pembetatu ukingoni huelekeza kwa wadonoaji kama Puntigrus tetrazona, wale wenye milia minne myeusi, ambao wakiwa wachache huelekeza ugomvi wao kwa wageni wenye mapezi marefu. Wakiwa kundi la wanane au zaidi huumana wenyewe kwa wenyewe na kuwasahau wengine. Magamba yaliyotoka kwa viraka ubavuni, hasa kuelekea mkiani, ni alama ya kufukuzwa na mwenye eneo. Mabaka ya mviringo, yaliyopauka, kwenye samaki mpana kama diskasi au samaki wa dhahabu humshtaki pleko (kambare mwenye mdomo wa kunyonya) au Gyrinocheilus, ambao usiku hujigandisha ubavuni na kunyonya ute. Hao mchana wanaonekana wapole kuliko wote, na wengi hawawashuku. Mchubuko mmoja ulionyooka pengine haukutokana na samaki yeyote. Kagua mawe yenye makali na mdomo wa chujio.

Sababu ya ugomvi ndiyo ya kurekebishwa. Mayai yakianguliwa na makinda yakiondolewa, wazazi wengi hupoa. Madume wawili wa beta hawatapoa kamwe. Mahali pa dume mmoja na jike mmoja anayesumbuliwa mpaka anachoka, majike watatu hugawana usumbufu huo. Na tangi dogo halina dawa zaidi ya tangi kubwa.

Siku ya kumrudisha, panga upya mawe, mizizi na mimea yote, ili mwenye eneo akose alama zake na aanze kutafuta kama mgeni. Kama mshambuliaji alikuwa ametengwa, mrudishe yeye mwishoni, siku kadhaa baada ya wengine kutulia. Mimi huanza na kizuizi cha plastiki angavu chenye matundu katikati ya tangi: wanaonana, wananusana, hawafikiani. Siku za kwanza mbabe hukaa mbele ya kizuizi ametandaza mapezi na matamvua. Gurami wangu alitazamwa hivyo na yule siklidi dume kwa siku sita, na mayai yalikuwa yamekwisha kuondoka. Siku ya saba dume akawa anapita bila kugeuka. Siku ya tisa, baada ya kuwalisha wote na kuzima taa, nilikiinua kizuizi nikakaa pembeni na bakuli mkononi. Dume alimfuata mara mbili hadi nyuma ya mzizi, akaacha. Asubuhi gurami alikuwa juu chini ya majani, anameza hewa yake kama kawaida, ule ukingo mwangavu wa mkia ukiwa mzima.